Alama za bei ya magari mtandaoni zamtendea nani haki?

MNUNUZI wa gari kuukuu jijini Nairobi siku hizi huanza kulisaka kwenye simu, kabla hajakanyaga yadi yoyote katika Barabara ya Ngong, Kilimani, Lavington au Westlands. Anapofika mbele ya muuzaji tayari ana bei kichwani, na bei hiyo ameipata kwa tovuti ambayo haijawahi kuliona gari lenyewe.

Mabadiliko haya hayakutokea kwa siku moja. Tovuti ya Cheki iliingia nchini mwaka wa 2010 na kuwazoesha Wakenya kulinganisha mamia ya magari bila kutoka nyumbani. Mnamo 2019 kampuni ya Jiji ilinunua biashara ya OLX nchini, na mwaka wa 2021 Cheki yenyewe ikachukuliwa na Autochek. Katika kipindi hicho kurasa za matangazo madogo magazetini zilipungua, huku dalali aliyekuwa akijua bei ya kila gari mjini akianza kupoteza sehemu ya mamlaka yake.

Sasa tovuti zimepiga hatua nyingine. Hazitoshelezwi tena na kuonyesha bei anayoitaka muuzaji, bali huitolea hukumu. Katika nchi za Magharibi tangazo huandamana na maneno kama 'bei nzuri sana', 'bei ya kadiri' au 'bei ya juu mno'. Hapa nchini baadhi ya tovuti huandika chini ya bei ya muuzaji makadirio ya 'bei ya soko', yaani kiwango cha chini na cha juu ambacho gari la aina hiyo linatarajiwa kuuzwa. Msomaji huhitaji sekunde chache tu kuamua kama muuzaji ni mwaminifu au ni mlafi.

Swali la kujiuliza ni iwapo hukumu hiyo ni ya haki kwa muuzaji anayelipa kodi ya yadi, na kwa mnunuzi aliyekopa katika Sacco ili apate gari la kwanza maishani mwake.

Uchambuzi huu unashikilia kwamba alama ya bei ni chombo kizuri kilichopewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Hupima bei iliyotangazwa, lakini husomwa kana kwamba imepima thamani ya gari. Maadamu tovuti hazielezi alama hiyo imepatikana vipi, muuzaji mwaminifu ataendelea kuadhibiwa bila kosa na mnunuzi ataendelea kuvutwa kwenye gari ambalo lilipaswa kumtia shaka.

Ni vyema kwanza kuutambua wema wa chombo hiki. Mwaka wa 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala iliyoeleza kinachotokea katika soko la magari yaliyotumika, ambapo muuzaji anajua kasoro za gari lakini mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zuri na bovu, hukataa kulipa zaidi ya bei ya wastani. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai, huliondoa sokoni, na polepole soko hubaki na mabovu. Utafiti huo ulichangia kumpa Akerlof Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2001.

Dawa ya ugonjwa huo ni habari. Nchini Marekani kitabu cha bei cha Kelley Blue Book kimekuwa kikichapishwa tangu 1926, na kampuni ya CarGurus, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, ilijijengea jina kwa kupanga matangazo kulingana na nafuu ya bei. Mnunuzi asiye na mjomba fundi wala rafiki dalali alipata mahali pa kuanzia.

Nairobi nako manufaa hayo yapo. Kabla ya tovuti hizi, gari lile lile liliweza kuwa na bei tatu kwa siku moja: moja ya mwenyewe, nyingine ya dalali wa kwanza, na ya tatu ya dalali wa pili aliyelipeleka kwa mteja. Mwanamke aliyekwenda peke yake au kijana aliyeonekana hajui injini alitajiwa bei yake mahsusi. Leo mnunuzi huyo anaweza kuitoa simu na kumwonyesha muuzaji magari kumi yanayofanana na hilo. Hakuna mpenda haki anayetamani kurudi nyuma.

Tatizo huanza pale tunapouliza magari hayo kumi yanafanana kwa lipi.

Kompyuta ya tovuti hukusanya matangazo ya aina moja ya gari, hutazama mwaka wa kuundwa, ukubwa wa injini na kilomita zilizoandikwa, kisha hutafuta wastani. Katika nchi ambako takwimu za mauzo halisi hupatikana, hesabu hiyo huweza kusahihishwa. Hapa kwetu, tovuti ya matangazo huona bei iliyoombwa tu. Bei iliyokubaliwa baada ya chai na maelewano ndani ya kiofisi cha yadi hubaki siri ya watu wawili, na kwa kawaida haimrudii mwenye tovuti.

Kila Mkenya anajua kwamba bei iliyoombwa ina nyongeza ya kupunguziwa. Wauzaji wengine huongeza kiasi kikubwa kwa kuwa wanatarajia mvutano mrefu, na wengine huongeza kidogo. Tuseme magari manane kati ya kumi yametangazwa kwa Sh1.2 milioni, ilhali yote huuzwa kwa Sh1.05 milioni mteja akikaza uzi. Tovuti itasema bei ya soko ni Sh1.2 milioni. Mnunuzi mgeni atakayelipa Sh1.18 milioni ataenda nyumbani akijipongeza kwamba amepata nafuu, kumbe ametoa Sh130,000 zaidi ya wenzake. Alama iliyokusudiwa kumlinda imegeuka shahidi wa muuzaji.

Hilo ni upande wa mnunuzi. Upande wa muuzaji una malalamiko yake, na mengi yanatokana na jinsi magari yanavyoingia nchini.

Mosi, kuna suala la mwaka. Sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi katika barabara zetu yaliagizwa kutoka Japan yakiwa tayari yametumika. Chini ya kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia. Ndiyo maana tangu Januari 1, 2026 mwagizaji hana budi kuleta gari lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka wa 2019 au baadaye.

Matokeo yake ni kwamba magari mawili yaliyoundwa mwaka wa 2015 yanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. La kwanza liliuzwa nchini likiwa jipya, likapewa nambari ya usajili inayoanza na KC, na limepita mashimo yetu kwa zaidi ya miaka kumi. La pili lilibaki Japan hadi 2022, likikaguliwa na serikali ya huko kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kila baada ya miaka miwili, kisha likaingia hapa na kupewa nambari ya KD. Wakenya huzipa uzito herufi hizo kiasi kwamba mtu huuliza 'ni namba gani?' kabla ya kuuliza rangi. Kompyuta inayosoma mwaka wa kuundwa peke yake huyaweka magari haya kapu moja, na lile la pili hupewa alama ya 'bei ya juu'.

Pili, kuna daraja za gari. Aina moja ya Toyota au Mazda huundwa Japan kwa daraja kadhaa zinazotofautiana kwa vifaa vya usalama, viti na mitambo. Nyingine ni haibridi na nyingine ni ya petroli tupu, nyingine huendesha magurudumu manne na nyingine mawili. Muuzaji anayejaza tangazo kwa haraka huandika jina la gari na injini pekee. Baada ya hapo, gari la daraja ya juu hulinganishwa na la daraja ya chini, na mwenye gari bora ndiye huonekana mwizi.

Tatu, kuna gharama ambazo hubadilika baada ya gari kununuliwa na kabla halijauzwa. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban Sh160. Kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130, baada ya serikali kufaulu kushughulikia deni la hatifungani ya kimataifa lililokuwa likiogopwa. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini mfanyabiashara aliyelipia gari la dola 5,000 mwezi wa Januari alitoa Sh800,000, na jirani yake aliyelipia gari kama hilo mwezi wa Aprili alitoa Sh650,000. Magari yote mawili yalisimama katika barabara moja. Alama ya bei ilimwona wa kwanza kama mlafi, ilhali kosa lake lilikuwa kuagiza gari miezi mitatu mapema.

Mnunuzi hana wajibu wa kubeba hasara hiyo. Soko halimlipi mtu kwa sababu alinunua ghali. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kusema 'bei hii ni ya juu kuliko nyingine' na kumwonyesha muuzaji kama mtu asiyefaa kuaminiwa.

Nne, kuna ushuru. Julai 2023 ushuru wa forodha kwa magari yanayoagizwa ulipanda kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Tuchukue gari lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500 ambalo thamani yake ya forodha ni Sh500,000. Kwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 na ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16, ambao hutozwa juu ya jumla, mwagizaji hulipa Sh478,750. Kwa kiwango cha awali cha forodha angelipa Sh406,250. Tofauti ni Sh72,500 kwa gari lile lile, na hapo hatujahesabu ada ya kutangaza bidhaa zinazoingia nchini ya asilimia 2.5 na ada ya ujenzi wa reli ya asilimia 2. Gari lililoingia Juni na lililoingia Julai hayakuwa na gharama moja, lakini katika orodha ya tovuti yalikuwa ndugu mapacha.

Tano, na pengine muhimu zaidi, kuna hali ya gari lenyewe. Muuzaji aliyebadilisha magurudumu, breki na mikono ya usukani kwa vipuri halisi, na ambaye yuko tayari kumpa mteja dhamana ya miezi kadhaa, amewekeza pesa ambazo picha hazionyeshi. Mwingine amelipiga gari rangi na kulisafisha injini tu. Wa pili ana uwezo wa kushusha bei, na kompyuta itamzawadia alama ya 'bei nzuri'.

Hapa ndipo hoja ya Akerlof inaporudi kwa mlango wa nyuma. Alama iliyoletwa ili kulitoa soko katika giza inaweza kulirudisha humo, ikiwa inamsukuma mwenye gari zuri aonekane ghali na mwenye bovu aonekane mkarimu.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Gari linalotangazwa kwa bei ya chini sana kuliko wenzake lina mojawapo ya sababu hizi: mwenyewe ana shida ya pesa, lina kasoro, lina deni, au halipo kabisa. Kompyuta haina njia ya kutenganisha sababu hizo nne. Zote huitwa nafuu.

Sababu ya mwisho si ya kufikirika. Ulaghai wa kumwomba mnunuzi 'pesa kidogo za kushikilia gari' kabla hajaliona ni mchezo unaojulikana. Chambo chake huwa ni bei ya kuvutia na picha zilizochukuliwa katika tangazo la mtu mwingine. Tangazo la aina hiyo likipambwa na alama ya kijani ya tovuti, mlaghai anakuwa amekopeshwa heshima ambayo hakuitolea jasho.

Deni nalo ni jambo zito. Magari mengi jijini hununuliwa kwa mikopo, na logibuku huwa na jina la benki au mkopeshaji pamoja na la mwenye gari hadi deni lilipwe. Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017 iliunda sajili ambako mkopeshaji huandikisha dai lake. Mnunuzi anaweza kukagua sajili hiyo, na anaweza pia kulipa Sh550 kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ili kujua mmiliki halali ni nani. Habari hizo mbili zina uzito kuliko alama yoyote ya bei, lakini hazimo katika hesabu ya alama hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hakuna mfumo wa kupima usioonea mtu. Ni kweli, ila ipo mifumo ya kupima magari ambayo imedumu, na inafaa kujifunza kwayo.

Mfumo wa kwanza uko kule magari yetu yanakotoka. Katika minada ya Japan, kama ile ya kampuni ya USS, mkaguzi hulizunguka gari na kujaza karatasi. Huandika alama kama 4.5, 4 au 3.5, huchora mahali penye mkwaruzo na palipobonyea, na gari lililowahi kugongwa na kurekebishwa huwekewa herufi ya R. Bei haipewi alama. Linalopewa alama ni gari, na wanunuzi hushindania bei wenyewe wakiwa wanajua wanashindania nini. Ndiyo sababu wanunuzi wajanja wa Nairobi wameanza kudai karatasi hiyo ya mnada kabla ya kujadiliana, na baadhi ya wauzaji huitoa bila kuombwa.

Mfumo wa pili uko hapa hapa mjini. Kampuni za bima na benki haziamini tovuti. Kabla ya kutoa bima kamili au mkopo, hutaka gari lipelekwe kwa mkadiriaji, kwa mfano Chama cha Magari cha Kenya, AA, ambacho kimekuwepo tangu 1919. Mkadiriaji hulifungua gari, hulinganisha nambari ya chesisi na logibuku, huandika hali ya kila sehemu, kisha hutia sahihi. Akikosea, kuna mtu na ofisi ya kuulizwa. Sahihi hiyo ndiyo inayokosekana mtandaoni.

Mfumo wa tatu unawahusu wauzaji na wanunuzi kwa pamoja, na unadhihirisha jinsi makadirio ya bei yanavyoweza kuzua ugomvi hata yakitolewa na serikali. Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru Nchini (KRA), yenye makao yake katika jumba la Times Tower katikati ya jiji, haitozi ushuru wa gari kuukuu kwa kufuata bei iliyolipwa Japan. Hutumia orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya, hupunguza kiasi cha uchakavu kulingana na umri, kisha huondoa kodi na faida ya muuzaji hadi kufikia thamani ya forodha.

Sababu ya kufanya hivyo inaeleweka, kwani risiti za ununuzi ni rahisi kughushi. Lakini mwaka wa 2025 KRA ilipotangaza orodha mpya, waagizaji walipinga kwamba thamani za magari kadhaa zilikuwa zimepandishwa kupita kiasi na kwamba mzigo ungemwangukia mnunuzi wa kawaida. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliweza kupinga kwa sababu orodha ilichapishwa. Kila mtu aliweza kusoma gari lake limewekewa bei gani, kulinganisha na ya zamani na kuuliza maswali.

Muuzaji wa Barabara ya Ngong ambaye tangazo lake limeambiwa ni la 'bei ya juu' hana orodha ya kusoma. Hajui amelinganishwa na magari mangapi, ya mwezi gani, wala kama yalikuwa ya yadi au ya watu binafsi. Tofauti ya yadi na mtu binafsi si ndogo. Mwenye yadi hulipa kodi ya ardhi katika mtaa ghali, leseni ya kaunti, mishahara ya walinzi na riba ya benki, na mteja akipata hitilafu wiki ijayo anajua atampata wapi. Anayeuza gari lake mwenyewe kutoka nyumbani hana gharama hizo, na akishapokea pesa simu yake inaweza kuzimwa. Kuwalinganisha wawili hawa bila kusema ni kulinganisha duka na mchuuzi.

Kuna pia suala la masilahi. Tovuti hizi hujipatia mapato kwa kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya tangazo lao kuonekana juu. Nyingine zimeanza kuuza magari, kupanga mikopo au kukagua magari kwa ada. Hakuna ubaya katika kutafuta riziki. Lakini anayeuza nafasi ya mbele, anayepanga mkopo na anayetangaza kwamba bei ni nzuri akiwa ni mtu mmoja, umma una haki ya kujua mpaka kati ya kazi hizo uko wapi. Mwamuzi hachezi katika timu moja kisha akapuliza kipenga.

Sheria iliyopo inatoa msingi wa kutosha kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji ili kunufaika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi, ikiwemo kudai kwamba kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inaipa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya uwezo wa kushughulikia madai ya uongo kuhusu bidhaa. Sheria hizi ziliandikwa zikimlenga muuzaji. Anayetoa hukumu kuhusu bei ya muuzaji huyo hakufikiriwa sana, lakini maneno 'bei nzuri' ni dai kama madai mengine, na mnunuzi huyategemea.

Nini basi kifanyike? Kupiga marufuku alama hizi kungekuwa kumrudisha mnunuzi mikononi mwa dalali. Kuziacha zilivyo nako ni kuwaachia wachache wapime soko zima kwa mizani ambayo hakuna aliyeikagua. Yapo mambo manne ambayo hayahitaji hata sheria mpya.

La kwanza ni kwamba kila alama iandamane na sababu zake: imetokana na matangazo mangapi, ya kipindi gani, na ni bei zilizoombwa au zilizolipwa. Pakiwa na magari matatu tu ya kulinganisha, tovuti iseme hivyo au inyamaze.

La pili ni kutenganisha makundi. Gari lililoagizwa karibuni lisipimwe na lililotumika nchini kwa miaka kumi, wala yadi isipimwe na mtu binafsi. Mwaka wa kuundwa na mwaka wa kusajiliwa nchini uandikwe vyote viwili.

La tatu ni kumpa muuzaji nafasi ya kujibu. Mwenye karatasi ya mnada, ripoti ya mkadiriaji au rekodi za gereji aweze kuziweka kando ya alama, na alama itazamwe upya. Vile vile, bei iliyo chini mno ya nyingine ipewe onyo, isipewe pongezi, mpaka umiliki uthibitishwe.

La nne ni tovuti kutangaza bayana kama muuzaji aliyelipia nafasi ya juu hupimwa kwa mizani ile ile ya asiyelipia.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Wengi wanaolalamikia alama hizi ndio hao hao wanaoandika matangazo bila bei, au kwa bei ya chambo inayobadilika mteja akifika. Wapo wanaoficha kilomita na kuita gari lililogongwa 'safi kama jipya'. Soko linaloficha habari halina haki ya kushangaa likipimwa kwa kukisia. Chama cha wafanyabiashara hao kikikubaliana kwamba kila gari litauzwa likiwa na ripoti ya ukaguzi na bei ya mwisho iliyoandikwa, tovuti zitakuwa na kitu cha maana cha kupima.

Na mnunuzi? Alama ya bei imsaidie kujua aanze mazungumzo wapi, na kazi yake iishie hapo. Akiona gari limepewa sifa ya nafuu kuu, ajiulize nani amelala njaa ili yeye apate nafuu hiyo. Asitume pesa kabla ya kuliona gari na kitabu chake. Alipie uchunguzi wa umiliki, aende na fundi wake asiyejuana na muuzaji, na akiweza alipie mkadiriaji. Gharama zote hizo pamoja ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini moja ya mitumba katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga.

Kwa familia nyingi za jiji hili, gari ndilo deni kubwa la kwanza, kabla ya ploti na kabla ya nyumba. Mkopo huo utakatwa kwenye mshahara kwa miaka mitatu au minne, gari liende au lisiende. Anayelitazama deni hilo kupitia alama ya rangi kwenye simu anastahili kuambiwa alama hiyo imetoka wapi, na muuzaji ambaye jina lake linachafuliwa au kusafishwa na alama hiyo anastahili vivyo hivyo.